Asubuhi za Stead

Septemba ya 1989, asubuhi za Stead zilikuwa na baridi ya kukakamaza vidole. Uwanja huo wa ndege uko kaskazini mwa Reno, Nevada, juu jangwani, kati ya vichaka vya kijivu ambavyo ukivikanyaga hutoa harufu kali ya miti shamba. Jua likipanda, harufu hiyo humezwa na nyingine: petroli ya ndege, oili iliyoungua, nta, na kahawa inayochemka nyuma ya gari la vifaa.

Nilikuwa mwanafunzi, nikapewa kazi isiyohitaji cheti katika timu ya mbio za ndege: kupiga msasa. Mustang yetu, ndege ya kivita ya P-51 ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, ilisimama chini ya turubai, pua juu. Fundi mkuu alikuwa mtu wa Ohio. Nilimwita Mzee kwa mazoea ya kwetu, naye akaitikia. Alinipa ndoo ya maji na msasa laini, akanionyesha bawa. Vichwa vya ribiti vilikuwa vimefukiwa kwa puti, nami nisugue pasibaki hata dalili. Mafundi bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, hunyoosha ubavu wa gari vivyo hivyo, ila hapa kinundu kidogo tu kinakula mwendo. Mzee alikagua kwa kufumba macho. Alipitisha mgongo wa kiganja taratibu, akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu.

“Hapa bado,” akasema.

Ndege hiyo iliundwa kubeba bunduki sita za rashasha mabawani. Matundu ya bunduki hizo yalikuwa yamezibwa, bamba za chuma zimeng'olewa, ncha za mabawa zimekatwa, na kioo cha rubani kimeshushwa hadi kukaribia kofia yake. Vilivyoongezwa vilikuwa vichache: tangi la maji na methanoli ya kupuliza ndani ya injini ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati, na vibomba vya kunyunyizia rejeta maji. Kisha Merlin, injini ya silinda 12 na lita 27, ilibanwa kupita kiwango alichoruhusiwa rubani wa vita. Injini nyingi zilipasuka hewani. Kwa maoni yangu ulikuwa ukatili kwa injini nzuri, lakini ikiwashwa, ikakohoa moshi kisha ikatulia kwenye ngurumo yake, nilisahau huruma yote.

Mchana, akitafuna mkate wake, Mzee alisimulia mbio za ndege za Cleveland za ujana wake. Baada ya vita Marekani iliuza ndege kwa bei ya kutupa. Rubani Tony LeVier alinunua ndege ya kivita ya P-38 kwa dola 1,250, akaipaka rangi nyekundu, na mwaka 1946 akashika nafasi ya pili katika mbio za kombe la Thompson. Habari za 1949 alizisema kwa kifupi. Mustang ya kijani ya rubani Bill Odom, iliyohamishiwa rejeta kwenye ncha za mabawa, iliangukia nyumba mjini Berea. Walikufa Odom, mama mmoja na mtoto wake. Mbio zikafa huko Cleveland, zikafufuka Reno mwaka 1964. Alipofika hapo Mzee alijipangusa makombo, akarudi kwenye bawa.

Jumapili ilikuwa ya Rare Bear, ndege nyeupe ya kivita aina ya Bearcat, namba 77. Rubani wake, Lyle Shelton, aliikuta ikiwa mabaki, akaijenga upya kwa injini kubwa kuliko ya asili, na Agosti hiyo alikuwa ameirusha kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa, rekodi ya dunia kwa ndege za pistoni. Ikipita kwenye nguzo za kona, kifua kilitetemeka kabla sikio halijasikia vizuri. Ilishinda. Yetu ilirudi na oili ubavu mzima, nami nikaagizwa kuchukua matambara.

Stead iliandaa mbio hizo mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa zimehamia Roswell, New Mexico. Ukijaliwa kufika, usiridhike na jukwaa. Nenda alfajiri upande wa mafundi, na ukiruhusiwa, pitisha kiganja juu ya bawa.