Bati la Ubavuni

Likizo iliyopita nilipata kibarua cha kukata majani katika kiwanja cha nyumba ya wageni, nje kidogo ya mji wa Bujumbura. Mashine niliyopewa ilikuwa trekta ndogo ya bustani, iliyoletwa kutoka Marekani ndani ya kontena kabla sijazaliwa. Si trekta ya kulima mashamba makubwa. Dereva huketi juu, na visu vya kukatia majani huzunguka chini ya tumbo lake. Injini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa bati la ubavuni, upande wa kushoto.

Mabati hayo ni mawili, moja kila upande wa injini. Juu hukutana na boneti, ambayo sisi Burundi tumezoea kuiita kapo kwa sababu ya Kifaransa. Mbele hukutana na shoo, yaani uso wenye matundu ya kuingizia hewa. Bati la kushoto lilikataa kukaa. Chini likishika, juu linaachia. Nikiwasha injini linapiga kelele kiwanja kizima, na mara mbili lilidondoka majanini. Siku ya tatu nililipiga nyundo, likapinda zaidi. Siku ya nne nikalivua, nikaliegemeza kwenye ukuta wa stoo, nikaendelea na kazi kwa raha.

Raha ile ilidumu juma moja. Mtoto wa mpishi, mwenye miaka mitano, alipenda kunikimbilia kila nilipozima mashine. Alasiri moja alikuja upande wa kushoto, akanyoosha mkono ili apande, akashika bomba la moshi. Mpaka leo nakisikia kilio chake. Mama yake alimmwagia maji baridi mkononi kwa muda mrefu, kisha tukampeleka kituo cha afya. Mama hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kile kifuniko kilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Jioni hiyo nilikwenda Buyenzi, mtaa wa mafundi na wa Waswahili wa mji wetu, kwa mjomba wangu anayenyoosha bodi za magari. Nilibeba bati kwapani nikidhani atalinyoosha mezani, nami nirudi nalo. Aliligeuza mara mbili, akanirudishia.

"Mwanangu, hili halina kosa kubwa. Kesho twende nikaione hiyo trekta."

Kesho yake hakuligusa bati. Alifungua na kufunga kapo mara kadhaa, akainama kutazama nafasi iliyobaki kila upande. Kisha akachukua kamba, akapima kutoka pembe ya juu ya kulia ya shoo mpaka kwenye fremu upande wa kushoto, halafu akapima kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vilipaswa kulingana. Vilitofautiana kwa karibu upana wa kidole. Shoo ilikuwa imelala kushoto, na kwa kuwa bawaba za kapo zimefungwa juu yake, kapo nayo ilikuwa imeifuata.

Tukatafuta chanzo. Shoo hukaa juu ya raba mbili zilizopo kati yake na fremu. Raba ya kushoto ilikuwa imeoza na kubonyea, na tundu la bolti lilikuwa limetanuka kwa mtikisiko wa miaka mingi.

"Bati lako linaeleza ugonjwa," Mjomba alisema, "lakini si lenyewe linaloumwa."

Tulilegeza bolti zote za mbele. Kishikizo chenye tundu lililotanuka tulikipeleka gereji kikachomelewa na kutobolewa upya, maana si busara kuchomelea karibu na tangi la petroli. Raba tulizikata kutoka ubavuni mwa tairi kuukuu. Tulibadilisha zote mbili, kwa sababu mpya ikikaa jirani na ya zamani shoo italalia upande wa pili. Tukarudisha bolti na kuzikaza kwa vidole tu, tukapima tena kwa kamba, tukasogeza kapo kidogo kidogo hadi nafasi zikalingana, ndipo tukashika spana. Bati lilikuja mwisho. Pale nilipolipiga nyundo Mjomba alilibana polepole kwa jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao, akinieleza kwamba nyundo hulitanua bati. Ukingo wa juu tuliuvisha utepe wa mpira wa baiskeli ili vyuma visisuguane. Injini ikazunguka robo saa, tukaizima, tukakaza bolti mara ya pili.

Tulipokuwa tunasubiri ipoe, alinionyesha kwamba injini ile hupozwa kwa hewa. Feni huvuta hewa baridi kutoka mbele. Mabati yakivuliwa, hewa ya moto iliyoizunguka injini inaweza kuvutwa tena na feni. Basi bati nililolidhania pambo lilikuwa na kazi mbili: kuongoza hewa na kuzuia mikono.

Nilikumbuka insha yangu ya mwaka wa kwanza, ambamo niliandika "Mabati ya zamani zilianguka." Mhadhiri alipoipigia mstari nilianza kubadilisha neno moja baada ya jingine kwa kubahatisha. Aliniambia nianze na nomino, niijue ngeli yake, mengine yatafuata. Siku ile nilidhani ni kanuni ya sarufi tu.

Malipo ya kibarua yaliishia kwenye dawa za mtoto, na hilo lilikuwa haki. Kiganja kimepona ila kina alama. Siku yangu ya mwisho nilizima trekta mbele ya jiko nikamwita. Alibaki mlangoni, mkono nyuma. Mama yake ndiye aliyekuja, akaligonga bati kwa kidole kuona kama linacheza. Halikucheza. Akaniaga vizuri, akarudi ndani.

Wenzangu, kifuniko kikiwasumbua, kabla hamjakivua ulizeni kinafunika nini. Mimi niliuliza baada ya mtoto kuungua.