Mkwaju, Nafasi, Kistari

Simu iliita kama saa nne za usiku, masika ya 2016, mvua ikiwa imepiga tangu adhuhuri. Mpigaji alikuwa mwalimu wa sekondari moja upande wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Betri za sola za shule zilikata ghafla wakati anaingiza alama za wanafunzi, na walipowasha tena, kompyuta ikagoma. Alama zilitakiwa asubuhi.

"Fundi, samahani kwa usumbufu wa saa hizi."

"Bila samahani, mwalimu. Kioo kinasemaje?"

"Kinasema imeharibika."

"Hapana, mwalimu wangu. Usiniambie ulivyoelewa. Nisomee kilivyoandika, herufi kwa herufi, hata kama haikuleti maana."

Akasoma polepole. Alipofika kwenye neno *initramfs* lililo ndani ya mabano, roho yangu ikatulia. Mashine ilikuwa haijafa. Ilikuwa imesimama mlangoni, imekataa kuingia ndani kwa kuwa diski ilikatiwa umeme katikati ya kuandika, na sasa inataka mtu aipe ruhusa ya kukagua na kurekebisha.

"Andika f, s, c, k. Sasa nafasi, kile kitufe kirefu cha chini. Kisha kistari kifupi cha katikati. Kisha y. Nafasi tena. Sasa mkwaju."

Kimya.

"Mkwaju upi, fundi?"

"Ule unaoandikia tarehe ubaoni, ulioinamia mbele. Halafu d, e, v, bila nafasi. Mkwaju mwingine. Halafu s, d, a, na tarakimu moja."

Nikamwambia anisomee alichoandika kabla ya kugusa kitufe cha kuingiza. Alikuwa ameacha nafasi moja. Tukaiweka. Alipobonyeza, mistari ikaanza kushuka, naye akawa ananisomea kama mtangazaji wa mpira, hadi mashine ikawa tayari kuwashwa upya. Ilipofunguka na faili lake likaonekana, alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mungu akubariki, mdogo wangu." Nilikaa kitandani na simu mkononi, mvua inapiga bati, nikahisi kama nimevuka naye mto uliofurika.

Namna ile ya kusomeana herufi sikuibuni mimi. Nilifundishwa.

Nimezaliwa Kawajense, Mpanda, baba akiwa kibarua wa reli. Mji wetu ulipata reli kwa sababu ya madini ya risasi: Waingereza waliijenga kutoka Kaliua miaka ya mwisho ya 1940, ikafunguliwa 1950. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na sisi tukabaki mwisho wa reli. Utotoni mwangu Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012, nikiwa tayari nina fremu yangu ya ufundi. Umeme kwa miaka mingi ulikuwa wa jenereta za dizeli, maana mji haukuwa umefikiwa na gridi ya taifa. Mtu anayetaka kuelewa ufundi wa kompyuta wa Katavi aanze hapo. Matatizo yetu mengi hayakuanzia kwenye programu. Yalianza umeme ulipokatika katikati ya neno.

Mwaka 2008 niliajiriwa kwenye steshenari moja karibu na soko. Kompyuta tatu, printa moja, mashine moja ya fotokopi. Kazi kubwa ilikuwa kuchapa barua za maombi na kadi za harusi, na kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenifundisha, ilikuwa kupiga window, yaani kufuta diski na kusakinisha Windows upya. Flashi za wateja zilikuja na virusi kutoka kila kona. Makabrasha yanafichwa, mashine inakuwa nzito, na baada ya wiki mbili au tatu naanza upya. Siku moja nilipiga window bila kuuliza, kumbe binti mmoja wa chuo alikuwa amehifadhi utafiti wake humo. Alilia mbele yangu. Sijapata kuisahau sura ile, na tangu siku hiyo sijawahi kufuta diski ya mtu bila kumuuliza mara mbili.

Mwezi uliofuata nilipanda treni kwenda Tabora kutafuta pawasaplai. Muuzaji akanielekeza kwa mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuwa akitengeneza kompyuta jioni nyumbani kwake. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa hakupenda kutajwa. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamweleza habari ya virusi. Hakunicheka. Aliingia ndani akatoka na CD ndani ya bahasha ya karatasi ngumu: Ubuntu 8.04, mfumo wa Linux wa kuchukua nafasi ya Windows. Akaniambia neno lenyewe ni la kwao Wazulu na Waxhosa, ndugu wa neno letu *utu*, na kwamba kampuni iliyoitoa inatuma CD hizo kwa posta bure, popote duniani. Sikuamini. Niliandika anwani ya sanduku la posta la baba kwenye intaneti kafe ya Tabora, na baada ya majuma mengi bahasha ilifika Mpanda, CD tano, stempu za ng'ambo, na karani wa posta akaniuliza nina ndugu gani Ulaya. Utaratibu ule wa kutuma CD ulisitishwa 2011, lakini nina moja hadi leo.

CD ya kwanza ilikataa. Mashine ya steshenari ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256, na ile CD ilihitaji zaidi ili kufungua madirisha yake. Ilizunguka saa nzima. Nikampigia mwalimu kwa vocha ya mwisho. Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Nilisema, "Haifanyi kazi." Akajibu, "Hilo ni hukumu, kijana. Mimi nataka ushahidi." Aliniambia niandike kwenye daftari mambo matatu: nilifanya nini, mashine iliandika nini, na ni nini kilichobadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Nikapiga tena kesho yake nikiwa na daftari. Alinisikiliza, akasema kuna CD nyingine, inayosakinisha kwa maandishi matupu bila madirisha, atampa kondakta wa treni. Ilifika salama.

Treni ile ndiyo iliyokuwa intaneti yetu. Kijana wa leo anayebonyeza kitufe na programu ikashuka hawezi kujua tulivyoishi. Linux huomba vifurushi vya programu kutoka mtandaoni, na kifurushi kimoja hudai vingine kumi, kama harusi ya Kisukuma inavyodai ng'ombe. Sisi Mpanda tulikuwa na intaneti ya kuvizia. Kulikuwa na programu iitwayo Synaptic yenye kipengele kizuri sana: unachagua unachotaka, nayo inakuandikia orodha ya mafaili yote yanayohitajika na mahali yalipo. Niliiweka orodha kwenye flashi, flashi ikasafiri na abiria ninayemjua hadi Tabora, mwalimu akapakua usiku, flashi ikarudi na treni inayofuata. Siku nne, tano, wakati mwingine wiki mbili reli ikisombwa na maji. Ukikosea orodha, unasubiri safari nyingine. Ndivyo nilivyojifunza kusoma kabla ya kubonyeza.

Katika mzigo mmoja aliniwekea Jambo OpenOffice, ile iliyotafsiriwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa 2004. Dada aliyekuwa akichapa nasi, aliyeishia darasa la saba, aliifungua akasoma menyu zote kwa sauti kama mtu aliyekuta barua yenye jina lake. Kabla ya hapo alikuwa amekariri mahali pa kubonyeza. Baada ya wiki alikuwa ananifundisha mimi kupanga majedwali. Sikubaliani kabisa na wanaosema istilahi za Kiswahili ni mapambo. Nilimwona dada yule akiacha kuogopa.

Kisha zikaja modemu za USB. Tuliona ukombozi, lakini kwenye Linux ukiichomeka, mashine inaiona kama CD. Sababu yake ni rahisi ukishaijua: ndani ya modemu watengenezaji waliweka programu ya Windows, na kifaa hujitambulisha kwanza kama CD ili programu hiyo isakinishwe, kisha ndipo kinageuka kuwa modemu. Linux ilihitaji kuambiwa ikigeuze, na programu ya kukigeuza ilikuwa mtandaoni. Ukitaka mtandao uwe na kifurushi, ukitaka kifurushi uwe na mtandao. Fundi mmoja wa Sumbawanga, ambaye tulikuwa hatujaonana uso kwa uso, alinisomea kwenye simu namba za utambulisho wa kifaa: 12d1, nukta mbili, 1446. Nikatazama zangu, zikalingana. Alinitumia faili kwa basi, ndani ya bahasha iliyoandikwa "Dawa ya modemu". Nami kwa muda wa mwaka mzima niliwatumia wengine dawa ile ile: Inyonga, Mishamo, Kigoma.

Watu huuliza ukutamoto, yaani firewall, ni wa nini Katavi, nani atatuvamia. Mwaka 2014 chama kimoja cha wakulima wa tumbaku kiliniita kwa kuwa bando lao lilikuwa linaisha kabla ya saa nne asubuhi. Walimshuku karani. Nilikaa siku moja nikitazama, nikaona kompyuta zao zinapakua masasisho ya mfumo kimya kimya. Karani alikuwa hana kosa hata chembe, na nilifurahi kumwambia mwenyekiti hivyo mbele ya watu wote. Tulichukua kompyuta kuukuu, tukaipa Linux, tukaiweka katikati ya modemu na ofisi, ikawa mlinzi wa geti: barua pepe na ripoti zipite, masasisho yasubiri Jumapili. Bando la siku likaanza kukaa wiki. Ukutamoto wetu wa kwanza haukujengwa kuzuia wezi. Ulijengwa kulinda fedha ya wakulima.

Uhodari huo ulinipa kiburi. Miezi michache baadaye nilikuwa Mpanda nikirekebisha mashine ile kwa mbali. Kanuni zilikuwa zimejaa mkanganyiko, nikaamua kuzifuta zote nianze upya: *iptables*, nafasi, kistari, F kubwa. Kioo kikaganda. Nilikuwa nimefuta vibali vyote, lakini kanuni mama ya kukataa kila kitu kisicho na kibali ilibaki, kwa kuwa amri ile haiigusi. Nilifunga geti nikiwa nje, na ofisi nzima ikakosa mtandao siku ya malipo. Nilipanda bodaboda ndani ya matope, nikafika jioni, nikagonga amri moja tu ya kubadili kanuni mama, mambo yakafunguka. Wazee wa chama walinipa chai na karanga, hawakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

Nilimsimulia mwalimu wa Tabora. Alisema yaleyale yalimpata yeye, akanipa dawa yake: kabla ya kugusa ukuta wa mashine iliyo mbali, iagize kwanza kwamba baada ya dakika tano irudishe kanuni mama kuwa ya kuruhusu, kisha ifute vibali, kwa mpangilio huo. Ukifanikiwa, unalifuta agizo. Ukijifungia nje, unasubiri dakika tano. Nimewafundisha vijana kumi na zaidi, na huanza na hilo kabla ya kuwaonyesha jinsi ya kuzuia chochote.

Tatizo lililonifundisha unyenyekevu kuliko yote lilikuwa dogo kama shilingi. Muuguzi wa kituo kimoja cha afya alinieleza kwamba mtandao umekufa, na mafundi wawili walikwisha sakinisha upya mara tatu. Nilimwongoza kwa simu: kebo imeingia, taa inawaka, namba ya mashine ipo, rauta inajibu, majina ya tovuti yanatafsiriwa. Kila kitu kizima, ila kurasa zinakataa kufunguka, zikidai si salama. Nilikuwa tayari kusema ni ukutamoto. Ndipo nikakumbuka swali la tatu la daftari, la kilichobadilika, nikamwuliza, "Dada, saa iliyo pembeni ya kioo inasemaje?" Akasoma: Januari 2002. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika mashine ilirudi miaka ile. Kwa mashine iliyo 2002, vyeti vya usalama vya tovuti vilikuwa bado havijaanza kutumika. Betri iliuzwa dukani hatua chache kutoka kwao.

Mwalimu wa Tabora alifariki kabla Mpanda haijaunganishwa na gridi. Daftari lake la mwisho liko kwangu. Mjane wake alinipa nilipokwenda kuhani. Lina kurasa za namba, amri, na kando yake mahali na tarehe: Urambo, Nzega, Mpanda, Mpanda, Mpanda.

Juzi nilishindwa na laptopu moja. Wi-fi yake ilishika ukiwa umeiegesha kwenye rauta, ukisogea hatua tatu inapotea. Nilibadili draiva, nilibadili mfumo, siku mbili nzima. Nikampigia kijana mmoja wa Karema, aliyekuwa mwanafunzi wa mwalimu yule wa alama usiku wa mvua, na sasa ndiye fundi wa huko. Nikamweleza.

"Shikamoo, mzee. Hebu nisomee kadi inaitwaje, herufi kwa herufi."

Nikasoma: Realtek, RTL8723BE.

"Hiyo ina matundu mawili ya antena, ila wameunganisha waya mmoja. Draiva inasikiliza tundu tupu. Andika mzee: a, n, t, kistari cha chini. Cha chini, siyo cha kati. Halafu s, e, l, alama ya sawasawa, mbili. Nisomee."

Nikamsomea, nikawasha upya, nikatoka nayo hadi chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara. Mtandao ulikuwepo. Nilirudi ndani nikafungua daftari la mwalimu kwenye ukurasa uliokuwa mtupu, nikaandika namba ya kadi, amri, tarehe, na pembeni: Karema.