Kiti Kisicho na Kata

Diwani wa viti maalumu huketi meza moja na diwani wa kata, hupewa kabrasha lile lile na kupiga kura ile ile, lakini wenziwe hawakawii kumkumbusha kuwa hana kata. Mimi nilikumbushwa baada tu ya kula kiapo, kufuatia uchaguzi wa mwaka 2000, na mzee mmoja wa upande wa mashamba ya mkonge, ambaye kwa upole na bila ya dharau aliniuliza: "Mwanangu, hiyo zahanati utakayoiombea fedha, utaijenga kwa nani?"

Sikuwa mgeni wa mambo ya halmashauri. Mabaraza yaliyovunjwa mwaka 1972 yaliporejeshwa mwaka 1984, niliajiriwa karani wa mapato, nikakata stakabadhi za kodi ya maendeleo ambayo, kabla haijafutwa mwaka 2003, iliwafanya waume wazima wenye staha zao kujificha mikokoni kila walipowaona mgambo. Na katika kazi hiyo isiyopendwa na mtu nilijifunza kusoma hesabu, ilimu iliyonifaa kuliko ufasaha wote wa jukwaani.

Serikali ilikuwa imeagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake na vijana. Katika kamati ya fedha, nilipoona safu ya mfuko huo ina kistari kitupu, niliuliza sababu, na mweka hazina, kijana mwenye adabu nyingi, akajibu: "Mheshimiwa, zitatengwa fedha zikipatikana." Nikamwambia: "Zimekwisha patikana, baba, ziko ukurasa uliotangulia." Wajumbe wakacheka, kurasa zikafunuliwa, na baada ya ubishi uliochukua hata wakati wa chai, kistari kile kikafutwa kwa kalamu, ikaandikwa tarakimu. Haikuwa fedha nyingi, ila wakulima wa mwani walipata za kununulia kamba na vigingi, nao walitoka kata mbalimbali, wala hakuna diwani aliyeweza kudai kuwa ni wake peke yake.

Mwaka 2005, viti vyetu bungeni vilipofikishwa asilimia 30, kura za Umoja wa Wanawake wa chama chetu zilinipeleka Dodoma. Huko nako Katiba humtaka Waziri Mkuu awe mbunge wa jimbo, cheo ambacho, wallahi, sikukitamani. Lakini ulipoanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, mwaka 2009, nao ukawekwa mikononi mwa mbunge wa jimbo, niliona wazi kwamba tumekaribishwa barazani, ufunguo wa ghala haumo katika ukarimu ule.

Basi mwaka 2010 nikachukua fomu ya jimbo. Tawi baada ya tawi nilipokewa kwa taadhima, nikapewa kiti na maji, kisha wanachama, wanawake kwa wanaume, wakaniuliza kwa insafu yao: "Mama, nyinyi si mna viti vyenu?" Kura nilizopata zilikuwa haba. Uchaguzi uliofuata, fomu ya viti maalumu sikuigusa. Niliomba ya udiwani, katika kata ninayoishi.