Si Kila Tundu ni Ufa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, nikaipamba nayo insha nyingi, na hata chuoni niliichambua mbele ya wenzangu nikapigiwa makofi. Hata hivyo, maana yake sikuipata darasani. Niliipata juu ya ngazi, nje ya nyumba yetu mjini Nakuru, nikiwa na kitambaa kilicholowa mkononi.

Nyumba hiyo aliijenga marehemu baba. Kwa kuwa maji ya mfereji mtaani kwetu huja kwa mgao, aghalabu usiku wa manane, aliweka tangi la lita 500 darini ili lijae tukiwa tumelala. Ndani ya tangi mna boya lililoshikwa na mkono wa shaba. Maji yanapopanda, boya hupanda nayo, na mkono hukisukuma kipande cha mpira, ambacho mafundi hukiita washa, kikaufunga mdomo wa bomba liingizalo maji. Chini kidogo ya ukingo wa tangi kuna bomba jingine linalotokeza nje, upenuni. Hilo halina kazi siku zote. Boya likishindwa, maji ya ziada hupitia huko, na wenye nyumba wakajua kuwa kuna hitilafu.

Likizo moja, bomba hilo la upenuni lilianza kudondosha maji. Kila usiku wa mgao matone yaliangukia bati la banda la kuku, karibu na dirisha langu, hadi alfajiri. Nami nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani. Nikatwaa ngazi, nikasokomeza kitambaa ndani ya bomba, nikalikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kimya kikatanda. Nikajipongeza kwamba nimeziba ufa, kisha nikarudi chuoni.

Miezi ikapita. Siku moja Mama akanipigia simu. “Mwanangu, usiku nasikia maji yakitembea juu ya kichwa changu.” Nikamwambia ni panya. Akarudia juma lililofuata, nami nikamwambia kuwa nyumba kuukuu hazikosi vishindo. Dada yangu naye alipanda juu ya kiti mchana, akaipapasa dari, akaikuta kavu. Tukakubaliana, pasipo kumwambia, kuwa ni mambo ya uzee.

Nilipofika nyumbani mwezi wa Aprili, dari ya chumba cha Mama ilikuwa na doa la rangi ya chai, nayo ilikuwa imebonyea juu ya kitanda. Niliahidi kuishughulikia Jumamosi. Dari haikungoja Jumamosi. Usiku wa mgao ilikatika na kuanguka pamoja na maji, ikauangukia mto wa kulalia. Mama hakuwamo. Kwa kuwa sisi tulikataa kumsikiliza, alijisikiliza mwenyewe. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amehamia sebuleni.

Alfajiri nikamwita fundi, mzee aliyemfahamu baba. Alifunga koki kuu, akapanda darini, nami nikamfuata na tochi. “Kanyaga boriti, kijana. Ukikanyaga penginepo utashukia sebuleni.” Alifungua mkono wa boya kwa spana, akalitikisa boya karibu na sikio, halikuwa na maji ndani. Kisha akatoa ile washa, ndogo kuliko sarafu ya shilingi, iliyochimbika mfuo katikati. Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Akatia mpya, akaupinda mkono kuelekea chini kidogo ili maji yakome mapema. Ndipo akadunga kwa bisibisi mbao zinazolibeba tangi. Moja ilikuwa imeoza hata bisibisi ikazama. “Lita moja ni kilo moja,” akasema. “Hili likijaa ni nusu tani. Na chini yake analala nani?”

Sikujibu. Alimulika kuta za tangi zilizolowa pande zote, akauliza tena: “Maji yamemwagikaje humu, na tangi lina mdomo wa kumwagia nje? Nani ameuziba?”

Nilishuka nikaiweka ngazi upenuni. Mama alisimama chini, leso mabegani, akanitazama nikikivuta kile kitambaa. Kilitoka cheusi, kikinuka uvundo. Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe lilikuwa likisema, ukalinyamazisha. Kama mlivyoninyamazisha mimi.”

Methali haikukosea. Nilikosea mimi niliyeitumia bila kutazama. Ufa wenyewe ulikuwa ndani ya tangi, katika kipande cha mpira cha bei ya kikombe cha chai. Tundu nililoliziba lilikuwa ndilo la kutuonya. Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kukariri maneno ya wazee waliokwisha kwenda, na tukawa wagumu wa kuyasikia ya wazee tunaoishi nao.

Ubao ulibadilishwa siku hiyohiyo, dari juma lililofuata. Usiku wa mgao Mama aliniamsha. Tulisimama chumbani mwake, taa imezimwa, tukisikiliza maji yakipanda. Sauti ilipungua, ikawa nyembamba, ikakoma. Nikatoka nje kulipapasa bomba la upenuni. Lilikuwa kavu, na mdomo wake wazi.