Goti la Kushoto

Mama alibadilishwa goti la kulia mwaka 2008, Dar es Salaam, wakati barabara ya Minjingu hadi Babati ingali vumbi na makorongo. Alirudi na vidonge vya maumivu, karatasi ya miadi na agizo moja: asilichoshe goti. Nyumbani Maisaka agizo hilo lilitiiwa kupita kiasi. Shangazi alimwekea mto chini ya goti, majirani wakaleta supu ya makongoro, na kila mama alipotaka kuinuka aliambiwa, "Tulia wifi, chuma bado hakijashika."

Mto ule ulikuwa mtamu, na ndio uliomponza. Goti linalopona likiwa limekunjwa huishia kukataa kunyooka, na paja lisilofanya kazi hunywea upesi. Maumivu ya zamani yaliisha kweli, lakini mama akawa mtu wa kuchechemea, na kwenye basi alitafuta kiti cha pembeni ili mguu ukae njiani. Mtaani wakahitimisha kuwa goti bandia ni la matajiri wasio na shamba.

Goti la kushoto lilipochoka, mwaka 2019, alikuwa radhi afe nalo. Nilimpeleka kwa kijana wa fiziotherapia aliyesomea KCMC, Moshi, kabla hata tarehe ya upasuaji haijapangwa.

"Shikamoo mama. Choo chenu ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?"

Mama alinitazama kana kwamba nimemleta kwa mwehu. Kijana akaendelea: kitanda kina kimo gani, ngazi za mlangoni ni ngapi, maji anachota nani, mbaazi anazichambua ameketi wapi? Kutokana na majibu hayo ndipo akampangia mazoezi. Kuchezesha vifundo vya miguu damu isigande. Kukandamiza goti kwenye godoro ili paja liamke. Kuburuta kisigino kuelekea makalio, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Goti lifike digrii 90, maana chini ya hapo kuinuka kwenye kiti ni vita. Mto, marufuku. Kigoda kikapewa likizo, na seremala akatengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo.

Safari hii alisimamishwa kwa fremu siku iliyofuata upasuaji. Aliumia, tena sana, ila alikuwa amefundishwa kutofautisha: maumivu ya mazoezi yanayotulia kwa barafu na kupumzika ni ya kawaida, shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, ni hospitali bila kungoja kesho.

Kilichobaki ni hofu ya chuma kulika. Mwaka huohuo jarida la Lancet lilikuwa limechapisha uchambuzi wa rekodi za Australia na Finland: takriban magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kijana alimwambia, akaongeza kuwa kutembea na kuendesha baiskeli ni ruksa. Kukimbia na kuruka, hapana. Mama akapiga hesabu ya umri wake, akacheka.

Kupiga magoti kanisani hakukatazwa, ila ngozi kando ya kovu ina ganzi na kuinuka kunamtesa, kwa hiyo anaketi. Shambani Bonga anavuna mbaazi amesimama. Na mtaani akisikia mtu kabadilishwa goti, anamwendea kwa miguu yake na kuanza na swali la choo.