Akili Yashinda Kelele

Wazee walisema kwamba akili ni mali. Neno hilo tumeliona kwa macho hapa Mabanga, katika komine ya Karisimbi mjini Goma, kwa tendo la binti mmoja mwuza duka. Jina lake hatulitaji, maana mwenyewe hapendi sifa.

Duka lenyewe ni dogo: mbele mbao, nyuma ghala la mawe ya volkano. Ndani mna chumvi, sabuni, unga na maharage. Tena watu huja kuweka na kutoa pesa kwa simu. Ndiyo sababu wezi hudhani kwamba duka la namna hii limejaa fedha.

Jioni moja, miaka michache kabla ya vita kuingia mjini Januari 2025, umeme ulikuwa umekatika. Kijana mmoja aliingia, akauliza bei ya sabuni, kisha akatoa kisu na kunong'ona: "Lete pesa zote, na usilie!"

Binti akafungua mtoto wa meza, akamwonyesha noti chache zilizochakaa. "Kaka, hizi tu ndizo ninazo. Sanduku la tajiri liko ghalani, chini ya magunia ya maharage. Mimi sina nguvu za kuyainua."

Kumbe sanduku halikuwako! Tajiri alikuwa akichukua fedha kila alasiri. Mwizi akaingia ghalani kwa tamaa, akachomeka kisu kiunoni ili apate mikono miwili, akainama. Mara binti akausukuma mlango wa chuma, akatia kufuli.

Lakini lililotushangaza zaidi ni lile lililofuata: hakupiga kelele. Kila mkaaji wa Goma ajua maana ya kilio cha "Mwizi!" usiku. Watu hutoka na mawe, na mawe katika mji wetu hayatafutwi, twayakanyaga. Wengine huleta mpira wa gari na petroli.

"Yaya, nifungulie!" mwizi akalia.

"Pitisha kisu chini ya mlango, nami sitaita watu."

Kisu kikapita. Ndipo akampigia simu mkubwa wa nyumba kumi, na sisi pia: "Mwalimu, njoo taratibu, kama mtu anayenunua chumvi."

Tulifika watu wanne. Tulimkuta akimwuzia mtoto mshumaa, kana kwamba hapana jambo. Yule kijana tulimpeleka polisi gizani, akienda kwa miguu yake mwenyewe.

Kesho yake majirani wengine walinung'unika: "Mngalituachia sisi!" Tukawajibu: Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Umati hauulizi jina wala hausikilizi shahidi. Leo wamchoma mwizi. Kesho wamchoma mwana wako aliyekuwa akikimbia mvua.

Januari 2025, wafungwa wa gereza la Munzenze walipotoroka na mabenki yalipofunga milango, hofu ilizidi, na mikono ikawa myepesi kuokota mawe. Wakati kama huo ndio unaohitaji akili ya binti yule.

Basi, ninyi mnaouza dukani, msilaze fedha nyingi humo. Msishindane na kisu. Mali hununuliwa tena, roho hainunuliwi. Jueni namba za simu za majirani wenye busara. Na mkimshika mwizi, kumbukeni kwamba kumshika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikisha akiwa hai mbele ya mwenye kuhukumu.