Mbona Hakujakucha?

"Mwanangu, mbona hakujakucha?"

Mama wa kiti cha dirishani alikuwa ameinua pazia kwa mara ya tatu. Saa yangu ya mkononi, niliyoiacha na majira ya Nairobi, ilisema saa sita mchana. Nje kulikuwa na giza totoro juu ya Atlantiki.

Ilikuwa Januari. Tuliruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta saa sita usiku kuelekea uwanja wa John F. Kennedy, New York, bila kutua popote. Zamani safari hii ililazimu kubadilisha ndege Ulaya au Ghuba. Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018.

"Tunakwenda magharibi, mama," nilimjibu. "Tunaukimbia mchana, nao unatufuata nyuma."

Alicheka. "Basi bado mbali?"

Umbali nilikuwa nimeupima nyumbani kwa uzi juu ya tufe la dunia. Kwenye ramani bapa, rula hupita Mali. Uzi uliokazwa juu ya tufe hupanda kaskazini zaidi, na katikati yake huangukia Morocco, si mbali na Marrakech. Ni kilomita 11,800 hivi. Rubani huweza kuipinda njia hiyo kwa ajili ya hali ya hewa au anga la nchi yenye vita.

Lakini kilomita hazisemi yote. Nahodha wa jahazi hakuulizwa maili tu. Aliulizwa kama ni kaskazi au kusi. Angani nako ni hivyohivyo. Kwenye kimo cha mita 10,000 hivi, upande huo wa kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi majira ya baridi. Wakati wa kwenda ulitupiga usoni, tukakaa hewani saa 15. Wakati wa kurudi ulitusukuma mgongoni, tukatumia 14.

Tulitua saa moja asubuhi ya New York, mbingu ndiyo kwanza inapauka. Mama alikunja shuka lake akanong'ona, "Alhamdulillahi, kumekucha."

Kwa saa za ukutani, nilisafiri saa 7 tu! Niliporudi niliondoka saa sita mchana, nikafika Nairobi saa nne asubuhi ya kesho yake: saa 22. Kwa hiyo ukikata tiketi, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata urefu wa safari. Uliza saa za kukaa angani.

Saba na 22 ni 29. Kumi na tano na 14 ni 29 vilevile. Saa 8 nilizokopeshwa kwenda, nililipa zote kurudi.